Pikapu ya kuvuta kompresa: anza na uzito wa ekseli ya nyuma, kashata zije baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako. Una Land Cruiser 79 pikapu, unavuta kompresa ya tani mbili kwa kazi ya visima kati ya Dodoma, Singida na Igunga, bodi nyuma imejaa mabomba na madumu ya dizeli. Matairi ya nyuma yanakuishia mapema na moja limeshapasuka. Unauliza uchukue AT (tairi la kashata za mchanganyiko, lami na vumbi) au MT (la kashata ndefu za tope), na kama uachane na saizi ya 7.50R16 za tyubu. Nimeendesha na baadaye kusimamia magari ya wachimba visima kwenye njia hizohizo, kwa hiyo uvumilie urefu wa jibu langu.

Waliotangulia kukujibu wameanza na kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, na jina la kampuni. Nakuomba hayo uyaweke pembeni kwanza. Tairi la gari linalovuta tela mara nyingi linauawa na joto, na joto linatokana na uzito kuzidi au upepo kupungua. Chukua waya ukunje na kukunjua harakaharaka, utausikia unachoma vidole. Ubavu wa tairi lenye mzigo mkubwa na upepo mdogo unakunjwa hivyohivyo kwa kila mzunguko, saa nzima, juu ya lami ya saa nane mchana.

Kwa hiyo kapime. Tafuta mizani ya magari kwenye ghala la mazao au machimbo ya kokoto, waombe wakupimie. Pakia kama unavyopakia siku ya kazi, tela likiwa limefungwa, kisha panda magurudumu ya nyuma ya pikapu peke yake juu ya mizani. Ya mbele na ya tela yabaki nje. Namba hiyo ndiyo inayonunua matairi.

Usishangae ikiwa kubwa kuliko ulivyodhani. Tela lililopangwa vizuri huegemeza kwenye ndoano asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo kompresa yako inakusukumia chini kilo 200 hadi 300. Na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli kwa zaidi ya mita moja, kilo 300 pale zinakuwa kama kilo 400 kwenye ekseli ya nyuma, huku mbele kukipungua kama 100. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi. Weka juu yake mabomba, madumu na vijana watatu waliopanda bodi, uone.

Tuseme mizani imesoma kilo 2,300. Kila tairi la nyuma linabeba 1,150. Sasa soma ubavuni, baada ya saizi kuna namba na herufi. Namba hiyo ni daraja la mzigo: 112 ni kilo 1,120, 113 ni 1,150, 116 ni 1,250, 118 ni 1,320, 120 ni 1,400, 121 ni 1,450. Zikiandikwa mbili, mfano 121/118, wewe soma ya kwanza. Ya pili ni ya magari yenye matairi pacha nyuma. Kwa hesabu hiyo 113 ingekutosha kwenye karatasi, ila barabara ina mashimo na mzigo hauegemei sawa kulia na kushoto. Mimi sishuki chini ya asilimia 20 ya akiba, kwa hiyo hapo ningetafuta 120 kwenda juu.

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. 265/70R16 ipo ya gari la abiria yenye 112, na ipo LT265/70R16 (LT ni tairi la gari dogo la mizigo) ya plai 10, yaani yenye nguvu ya tabaka 10, yenye 121. Saizi moja, kashata zinaweza kufanana kabisa, tofauti ni kilo 330 kwa kila tairi. Gari moja nililokabidhiwa lilikuja na hizo za 112, mpya kabisa, aliyeziuza alisema ni za kazi ngumu. Tuliposimama Manyoni kuongeza mafuta nikapitisha kiganja begani mwa tairi la nyuma kushoto, pale kashata zinapokutana na ubavu. Lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika kwa muda, na chini ya kashata kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa nusu yai. Ule ni mkanda wa waya umeshaachana na mpira. Ukiukuta, usijiambie utafika. Fungua spea palepale.

Halafu upepo. Kilo zilizoandikwa ubavuni zinapatikana kwa upepo wa juu kabisa wa tairi hilo tu. LT ya plai 10, yaani daraja E (herufi ya nguvu ya tairi, si ile namba ya mzigo), ni PSI 80, PSI ikiwa kipimo cha upepo. Daraja D ni 65. C ni 50. Ukiweka LT ya plai 10 kisha ukaijaza 35 kama ya gari dogo, umelipia chuma kisichofanya kazi, tena inachemka kuliko ile laini. Jedwali la mtengenezaji linaonyesha kila upepo unabeba kilo ngapi, mwombe muuzaji. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, na ununue geji yako mwenyewe, zile za vijiwe zimeanguka chini mara nyingi mno. Mchana upepo ukipanda kwa joto, usiupunguze. Ukiupunguza kwa ajili ya mchanga, rudisha kabla hujakanyaga lami.

Jambo dogo linalosahaulika ni valvu. Zile za mpira za kuvuta na kuchomeka, nyingi mwisho wake ni PSI 65. Ukienda juu ya hapo weka za chuma.

7.50R16 za tyubu sizidharau. Ni ndefu na nyembamba, zinakata tope, na huko vijijini fundi mwenye vyuma viwili na kiraka anakutoa porini. Zipo za plai tofauti, kwa hiyo soma daraja la mzigo kama nilivyoeleza, usimwamini mtu kwa neno "nzito". Ubaya wake kwenye kuvuta ni kwamba tyubu inasuguana ndani na kuongeza joto, na ikitoboka upepo unatoka wote kwa mkupuo. Ukiwa unashuka mlima Sekenke na kompresa inakusukuma, hilo ni jambo la uhai wako na wa waliopanda. Tyubuless, yaani tairi lisilo na tyubu, ikichomwa na msumari mara nyingi inapumua taratibu, unapata nafasi ya kutoka barabarani. Kwa njia zako, ambazo nyingi sasa ni lami, mimi ningehamia tyubuless. Ila jua ringi zako za inchi 5.5 hazipokei 265, zinataka kuanzia inchi 7, na ringi mpya nazo zina kilo zake zimepigwa mhuri. Hakikisha ringi hizo hazizidiwi na uzito wa ekseli.

Kuhusu kashata: AT. MT inakusaidia kwenye mbuga ya Wembere mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unapofunga tairi likawa gogo. Lakini kwenye lami vile vipande virefu vinatikisika, vinachemka, na breki kwenye lami yenye maji zinachelewa, huku una tani mbili nyuma. Kama masika yote unashinda mbugani, sawa. Kama si hivyo, AT na minyororo kwenye sanduku.

Mtumba sikushauri kwa ekseli ya nyuma. Ukilazimika, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile alama ya kiwanda iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ukiona limeandikwa STUDLESS, liache. Hilo ni la theluji, limetoka Japani, mpira wake laini unayeyuka kwa jua letu.

Spea iwe saizi na daraja lilelile. Na kagua matairi ya kompresa yenyewe, kwa sababu hayo huwa hakuna anayeyajazia upepo mpaka yapasuke.

Ukishapima, weka hapa kilo za ekseli ya nyuma na maandishi yote yaliyo ubavuni mwa tairi unalotaka kununua, hata kwa picha. Tutapiga hesabu pamoja kabla hujatoa hela.