Majibu yametoka, kwa nini kinyama cha mzee kirudi tena maabara?

Dada mleta uzi, pole kwa kuuguza. Umesema mzee alitolewa kinyama cha uboho nyongani, majibu yakaja ni maiyeloma (kansa ya uboho), na sasa daktari ameandika kinyama kilekile kipimwe amiloidi, bili juu. Ukauliza, "tunapigwa?" Hampigwi. Nakata vinyama na kuvipaka rangi hapa Dar mwaka wa kumi na moja huu (maabara siitaji), na hilo unalouliza niliwahi kuliboronga mwenyewe.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kuhesabu chembe za plazma, zile zilizogeuka kansa. Chembe hizo humwaga protini kwenye damu, vipande tunavyoviita minyororo myepesi. Kwa wagonjwa kama 10 hadi 15 katika kila 100 wa maiyeloma, vipande hivyo hujikunja vibaya, vikashikana na kuganda kwenye figo, moyo, neva, ulimi, hata kuta za mishipa ya damu. Mgando huo ndio amiloidi. Kwa rangi ya kawaida ya maabara unaonekana wa waridi tu, kama vitu vingine kibao, na kwenye uboho mara nyingi umejibanza kwenye ukuta wa kimshipa kimoja au viwili. Asiyeutafuta anaupita. Umeandika miguu ya mzee imevimba na mkojo una povu. Hiyo huenda ni protini inavuja kwenye figo, na daktari kushtuka ni haki yake.

Rangi ya kuutafutia inaitwa Kongo nyekundu. Msiwasingizie majirani zetu: ni rangi ya vitambaa, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1883, na jina lilikuwa la biashara tu, enzi za ule mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika. Mwaka 1922 daktari Mjerumani, Bennhold, ndiye aliyeonyesha kwamba inashika amiloidi.

Sasa kuboronga kwangu. Mwaka wangu wa pili kazini kilikuja kinyama cha uboho cha mama mmoja, nikakikata maikroni 3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kama kawaida, nikapaka, hakuna kitu. Nikapeleka vioo, vile vibao vinavyobandikwa vipande vya kinyama, kwa bosi wetu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

"Umekata ngapi?"

"Tatu, mama."

"Haya. Rudi ukate kumi."

Nikarudi nimenuna. Kongo nyekundu inataka kipande kinene, maikroni 8 hadi 10, la sivyo mgando mdogo hauna nguvu ya kuonekana. Nikapaka upya, safari hii na kioo cha mgonjwa mwingine tuliyejua anayo amiloidi, ili kama rangi imegoma tujue. Akaweka vichujio viwili vya mwanga kwenye darubini, kimoja chini ya kioo na kimoja juu, akazungusha mpaka pakawa giza totoro. Vipande vya mfupa viling'aa vyeupe kama bati jipya, hivyo havihesabiki. Pembeni, kwenye ukuta wa kimshipa, palikuwa na kipete cha kijani. Vitabu husema kijani cha tufaa. Mimi niliona ganda la embe bichi. Majibu ya kwanza yangetoka vile nilivyoandika, yule mama angeambiwa hana.

Kwa hiyo uliza mambo mawili: wamekata unene gani, na wametazama kwa vichujio au kwa taa ya kawaida tu? Hakuna atakayekufukuza kwa kuuliza. Na majibu yakija "hakuna", msishangilie mapema. Hata kwa wenye ugonjwa huu kweli, uboho unaonyesha kwa takriban nusu yao au zaidi kidogo. Ukiongeza mafuta kidogo yanayovutwa kwa sindano chini ya ngozi ya tumbo, mnakamata kama 85 katika 100. Sindano hiyo haiumi kama ya nyonga, mzee asiogope.

Wakikuta ipo, bado rangi haisemi ni ya aina gani. Baadhi ya wazee wana amiloidi nyingine ya moyoni, ya protini iitwayo transthairetini, isiyotokana na maiyeloma kabisa, na dawa zake ni nyingine. Kwa hiyo eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, msiiache. Pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaifanya. Moyo ukiwa umeguswa, daktari atapanga dozi kwa tahadhari zaidi.

Sindano mpya ya nyonga si lazima. Kinyama kiko stoo, kimegandishwa kwenye nta, kinakatwa tena. Kama kipimo kinafanyika maabara nyingine, kidaini kile kipande cha nta chenyewe pamoja na barua, maana vioo vilivyokwishapakwa havitawasaidia sana. Na ukikibeba, kiweke kwenye mkoba kivulini, usikitupe kwenye dashibodi na foleni ya Morogoro Road saa nane mchana. Nta ile inalainika.