Pakia au pakua? Na je, hifadhidata au kanzidata?

SWALI: Ninafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu. Tumebandika tangazo hili kwa wanafunzi: "Majarida na vitabu vya kielektroniki vinapatikana kwenye hifadhidata zetu. Ingia kwenye tovuti, jisajili, kisha pakia makala haya popote ulipo." Mwenzangu mmoja anasema hifadhidata si sahihi, iwe kanzidata. Mwingine anaikataa pakia. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wa pili yuko sahihi bila ubishi. Kupakia ni kuweka shehena chomboni; kupakua ni kuitoa. Ile -u- ya pakua ndiyo ya fungua na zibua, inatengua tendo. Chukulia kompyuta inayohifadhi makala kuwa ndiyo jahazi: mwanafunzi anayeteremsha makala kwenye simu yake anapakua, na mhadhiri anayepeleka andiko lake kwenye hifadhi ya machapisho ya chuo anapakia. Tangazo lenu linamtuma mwanafunzi apeleke makala, ilhali mnataka azichukue.

Kuhusu hifadhidata na kanzidata, yote mawili ni Kiswahili na yote yanatumika. Kanzi ni hazina, kwa hiyo kanzidata ni hazina ya data. Kwa matumizi ya jumla nisingegombana na yeyote. Lakini maktaba ya chuo ina jambo lake: mbali na kanzidata za kulipiwa kama JSTOR, kwa kawaida kuna pia hifadhi ya chuo yenyewe, yenye tasnifu na makala za wahadhiri wake. Mkiita moja hifadhi na nyingine hifadhidata, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atazichanganya, atafute tasnifu za chuo ndani ya JSTOR na kuondoka mikono mitupu. Kwa sababu hiyo tu ningechagua kanzidata, na kuibakiza hifadhi kwa machapisho ya chuo. Mkishachagua, msibadili katikati ya ukurasa. Upatanisho wake ni wa i-/zi-: kanzidata hii inafunguka, kanzidata hizi zinafunguka.

Sasa yale ambayo hamkuuliza.

"Majarida na vitabu vya kielektroniki" ina utata. Kihusishi vya kimefuata ngeli ya vitabu, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuelewa kwamba majarida ni ya karatasi na yapo rafuni. Kugeuza mpangilio hakusaidii. Utata unahamia kwa vitabu. Tangulizeni nomino moja inayobeba zote: "Machapisho ya kielektroniki, yaani majarida, vitabu na tasnifu". Mkiandika vitabu pepe, pepe haibadiliki, kama ilivyo katika barua pepe.

Kosa linalowagharimu wanafunzi zaidi liko kwenye ingia na jisajili. "Ingia kwenye tovuti" inaweza kuwa kuufungua tu ukurasa, au kujitambulisha kwa jina na nywila. Tengeni: fungua kwa ukurasa, ingia kwa akaunti. Na jisajili ni kufungua akaunti mpya. Mwanafunzi mtiifu atakwenda moja kwa moja kwa mchapishaji, ajisajili kama mtu binafsi, kisha akutane na bei ya makala ambayo chuo kimeshailipia. Ndivyo mifumo hii inavyofanya kazi: mara nyingi mchapishaji hukitambua chuo kwa anwani ya mtandao wake. Mwanafunzi aliyeko bwenini na bando la simu anaonekana na anwani ya kampuni ya simu, si ya chuo. Ili atambulike akiwa nje, kwa kawaida hulazimika kupitia kiungo cha maktaba na kutumia akaunti aliyopewa na chuo. "Popote ulipo" bila maelezo hayo ni ahadi hewa.

Makala haya au makala hizi? Waandishi wamegawanyika, na huwezi kumkosoa mtu kwa lolote kati ya hayo. Ila kwenye matangazo ya maktaba napendelea i-/zi-, kwa sababu inatofautisha idadi: makala hii ni moja, makala hizi ni nyingi. "Makala haya" huficha hesabu, na leseni za wachapishaji kwa kawaida hukataza kupakua kwa wingi. Mtu akikomba toleo zima la jarida kwa mkupuo, mchapishaji anaweza kukifungia chuo chote. Hapo tofauti ya moja na nyingi si ya mapambo.

Ningeliandika hivi:

"Machapisho ya kielektroniki (majarida, vitabu na tasnifu) yanapatikana kupitia kanzidata za maktaba. Ukiwa nje ya chuo: 1. Fungua tovuti ya maktaba. 2. Bofya jina la kanzidata unayoitaka. 3. Ingia kwa namba yako ya usajili na nywila ya chuo. Usifungue akaunti mpya. 4. Pakua makala unayohitaji. Usipakue toleo zima la jarida."

Chini yake wekeni anwani ya tovuti kwenye mstari wake peke yake, bila nukta mwishoni. Nukta ya kufunga sentensi ikinakiliwa pamoja na anwani, mara nyingi ukurasa haufunguki, na mwanafunzi atadhani mtandao wa chuo umekatika.