Alama za Kemia ya KCSE zinavyokokotolewa

Mama, umeuliza mwanao aliyepata 48 na 40 kwenye karatasi mbili za nadharia za Kemia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, amefikaje 63. Hajapendelewa. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja. Hujumlishwa, zikagawanywa kwa 160, kisha zikazidishwa kwa 60. Kwa hiyo 88 zake zimekuwa 33. Karatasi ya tatu, ya vitendo, ina alama 40 na haipunguzwi hata moja. Alipata 30 huko, ndiyo hiyo 63.

Hapo ndipo ningemwomba akaze. Alama moja ya vitendo ina uzito wa zaidi ya mbili na nusu za nadharia! Kwenye jedwali la usomaji wa bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, anapewa alama kwa kulijaza lote, kwa kuandika desimali sawasawa kila mahali, na kwa usomaji wake kukaribiana na ule wa mwalimu wake. Inaniuma kuona mtoto anayeijua kemia akizipoteza hizo kwa sababu tu hakuzoeshwa maabara mapema.

Gredi yenyewe, A hadi E, hutegemea viwango vya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, vya mwaka huo kwa somo hilo.