Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa PLC na Mlango wa Intaneti

SWALI: Salamu, wahariri. Kampuni iliyotufungia mfumo wa jenereta na pampu inataka kuweka modemu ya laini ya simu kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), ili mafundi wao waingie muda wowote kurekebisha hitilafu. Kuna hatari gani?

JIBU: Ipo, tena kubwa. Msikubali modemu hiyo, maana inaweza kuiacha PLC wazi kwenye intaneti.

Vifaa vingi vya viwandani huwasiliana kwa Modbus, itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya vifaa) iliyobuniwa mwaka 1979. Yenyewe haina nywila. Yeyote anayefika kwenye poti 502, mlango wa mtandao unaotumiwa na Modbus, akatuma amri, PLC hutii: pampu inazima, vali inafunguka. Wala msitegemee kwamba hakuna anayewajua, kwa kuwa zipo huduma zinazopekua anwani za intaneti usiku na mchana na kuorodhesha vifaa vilivyo wazi. Novemba 2023, huko Aliquippa, Pennsylvania, wadukuzi waliingilia PLC ya mamlaka ya maji iliyokuwa wazi kwenye intaneti. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikitoka kiwandani na nywila 1111.

Msaada wa mbali unawezekana, ila upitishwe njia hii. Fundi aingie kwa VPN (njia ya mtandao iliyofichwa kwa msimbo) yenye uthibitisho wa hatua mbili, kwa akaunti yake mwenyewe. Akaunti moja ya kampuni nzima haifai, maana siku ya tatizo hamtajua aliyeingia. VPN imfikishe kwenye kompyuta moja tu, iliyowekwa kati ya faiwoli (kizuizi cha mtandao) ya ofisi na faiwoli ya mitambo, na hapo kila anachofanya kirekodiwe. Njia yenyewe ikae imezimwa. Fundi apige simu, msimamizi wa zamu aandike kwenye daftari jina, saa na kazi, awashe, na kazi ikiisha azime.

Mkataba ukiisha, futeni akaunti siku hiyohiyo. Wadukuzi walioshambulia Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta nchini Marekani, Mei 2021, walipitia akaunti ya zamani ya VPN isiyokuwa na uthibitisho wa pili. Bomba la mafuta likafungwa kwa siku kadhaa, na kampuni ikalipa bitcoin 75.

Halafu nendeni mkaangalie kabati la PLC. PLC nyingi zina swichi ya ufunguo yenye alama kama RUN, REMOTE na PROGRAM. Ikiachwa PROGRAM, na kwa baadhi ya aina hata REMOTE, programu inaweza kubadilishwa kupitia mtandao. Mwaka 2017 kiwanda cha petrokemikali nchini Saudi Arabia kilivamiwa kwenye vidhibiti vya usalama, vile vinavyozima mtambo kabla haujalipuka, na ufunguo ulikuwa umeachwa PROGRAM. Geuzeni RUN, chomoeni ufunguo, utunzwe na msimamizi wa zamu. Kazi hiyo ni ya dakika moja, haina gharama, na inasikitisha kuona inavyopuuzwa.

SWALI: Kompyuta ya chumba cha udhibiti bado ina Windows 7. Mkaguzi anataka tuskani mtandao wote na kusasisha kila kitu. Tumfuate?

JIBU: Msiskani mitambo ikiwa kazini, kwa kuwa skani hutuma data kwa kila kifaa ili kukitambua. PLC za zamani zikipokea data zisizotarajiwa huweza kuganda, na mtambo ukasimama. Sikilizeni tu, kwa kunakili mawasiliano kutoka swichi ya mtandao, au msubiri siku ya matengenezo.

Kuhusu Windows 7, Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Kama muuzaji wa mfumo hajaidhinisha toleo jipya, iondoleeni kompyuta hiyo barua pepe na intaneti, zuieni poti za USB, na ruhusuni programu zilizoorodheshwa tu ndizo zifunguke.

SWALI: Bakapu yetu huenda kila usiku kwenye seva ya pili. Inatosha?

JIBU: Haitoshi ikiwa nywila ya msimamizi inayofungua seva ya kwanza ndiyo inayofungua ya pili. Programu ya kudai fidia (ransomware), ile inayofunga mafaili ili mlipe, itazifunga zote mbili. Nakala moja ikae kwenye diski iliyochomolewa. Humo ziwemo pia programu za PLC, mafaili ya skrini za waendeshaji, mipangilio ya rilei za ulinzi (vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea), na kisakinishi cha programu ya uhandisi kwa toleo lilelile mnalotumia. Toleo jingine huweza kukataa kufungua mradi wenu. Jaribuni kuirudisha kwenye PLC ya akiba.

SWALI: Tukivamiwa, tuanze na nini?

JIBU: Chomoeni waya unaounganisha ofisi na mitambo. Kompyuta zilizoambukizwa zitengwe na mtandao, lakini msizizime, maana ushahidi uliomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hupotea umeme ukikatika.

Kisha endesheni kwa mkono. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, waendeshaji waliona mshale wa mausi ukitembea wenyewe kwenye skrini na kufungua breka (swichi kubwa zinazokata umeme) za vituo vya umeme. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme. Ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kufunga breka kwa mikono. Siku hiyo wavamizi pia walizisonga laini za huduma kwa wateja kwa simu za uongo, kwa hiyo redio za mkononi ziwe na chaji. Michoro ya mfumo, namba za simu na orodha ya walio na funguo za vituo viwe vimechapishwa kwenye karatasi, na zoezi la kuendesha kwa mkono lifanywe angalau mara moja kwa mwaka, zamu ya usiku ikiwemo.