Mita moja, vyumba sita

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Mimi ni mjane, nipo Mbagala, marehemu aliniachia vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja elfu 50 kwa mwezi. LUKU ni moja tu na kila umeme ukiisha ni ugomvi, huyu ana friji, yule anasema mi nashinda kazini sichangii sawa na wenye friji. Alafu kuna kijana miezi minne hajatoa kodi, kila siku ni mama nivumilie. Kaka yangu anasema nipige kufuli vitu vyake nivitoe nje. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada yangu. Tuanze na umeme maana hapo ndo hela zinapopotelea, na wala sio kwamba wapangaji wako ni wakorofi, hiyo mita ndo inawagombanisha. TANESCO wana tarifu ya D1, ya anayetumia umeme mdogo nyumbani, ukiwa hauzidi yuniti 75 kwa mwezi unalipa sh 100 kwa yuniti, ukiweka na VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) inafika kama 122. Sasa watu sita wakijazana kwenye mita moja lazima mpite 75, mnaangukia T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ya sh 292, na makato inakuwa kama 356. Piga hesabu, kila chumba kikitumia yuniti 30 jumla ni 180, kwa mita moja mnatoa kama elfu 64 kwa mwezi, kila mtu angekuwa na mita yake kwenye D1 ingekuwa kama elfu 22 nyumba nzima. Yaani wapangaji wako wanalipa karibu mara tatu, tena wenye taa na chaji ya simu ndo wanaumia zaidi!

Najua kuvuta mita sita sio hela ndogo, maana kila chumba kinataka waya wake na fundi mwenye leseni. Usifanye zote kwa mpigo, mimi vyumba vyangu vya Gongo la Mboto nilianza na viwili vilivyokuwa na friji, kodi yao ya miezi sita ilipoingia nikaiweka pembeni sikuigusa, wale waliobaki wakapumua. Kama hela haipo kabisa fungeni mita ndogo za ndani kila mtu aone alichotumia, bei haitashuka ila kelele zitaisha. Na mita zikiwa nyingi angalia kodi ya majengo, ile 1,500 kwa mwezi inakatwa kwenye LUKU na nyumba yako ni moja, ukiona inakatwa kwenye mita mbili tatu nenda na namba za mita zote kwa wanaosimamia kodi hiyo warekebishe. Hiyo kodi ni yako mwenye nyumba, mpangaji akikatwa mrudishie.

Sasa huyo kijana. Dada nakuomba usipige kufuli na usiguse hata ndoo yake, akisema ndani kulikuwa na laptop na hela utajibu nini? Laki mbili anazodaiwa zitageuka deni lako. Kaa nae, muandikishane deni na tarehe ya kulipa au ya kuhama, mjumbe awepo, asaini. Akikataa mpe notisi ya maandishi ubaki na kopi, alafu peleka Baraza la Kata, wao tangu 2021 wanasuluhisha tu hawatoi hukumu, siku 30 zikipita hamjaelewana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, amri ya kumtoa inatoka huko. Inachosha najua, ndo maana mimi mpangaji akidaiwa mwezi mmoja tu naandikisha siku hiyo hiyo, miezi minne ni mingi mno. Kaka yako mwambie akusindikize kwa mjumbe, hapo ndo atakusaidia.