Sufuria uliyomficha jirani

Dada yangu wa Makorora, umeuliza kama ulikosea kumwambia jirani kwamba sufuria kubwa haipo, ilhali ilikuwa uvunguni, kwa sababu mara iliyopita aliirudisha ikiwa na ukoko. Kukataa kumwazima ni haki yako. Kinachokukosesha raha ni ule uongo, nao unarekebishika. Usimtume mtoto, mwendee mwenyewe baada ya alasiri, umweleze kwa upole kwamba sufuria ipo, kwamba uliumia kwa jinsi ilivyorudi, na kwamba utampa tena akikubali kuirejesha ikiwa imesuguliwa. Huku kwetu Tanga, ambako arusi na hitima hupikiwa kwa vyombo vya kuazimana, kinyongo hiki kitawasumbua nyote wawili. Akinuna, mwache kwanza, lakini salamu usimnyime.