Mbuzi wa Idd aliyeletwa na mwenye ombi la ardhi

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji huku wilaya ya Kilwa. Kuna mfanyabiashara kutoka mjini ameomba shamba la kulima ufuta, na ombi lake litafika kikaoni kwetu mwezi huu. Kabla ya Idd el-Fitr alimpelekea kila mjumbe mbuzi mmoja, akasema ni sadaka ya sikukuu tu, hana neno. Wangu nilimchinja, tukala. Katika kikao hicho hicho kuna ombi la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayetaka kiwanja karibu na barabara. Sisi wajumbe hatuna mshahara. Je, nina kosa? Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Laiti ungeuliza mbuzi akiwa bado amefungwa kambani. Hata hivyo, anayeuliza baada ya kula ni bora kuliko anayefuta mdomo akanyamaza.

Msingi wa jambo hili ni hadithi ya Abu Humayd as-Saaidi (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alisema: hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Akaapa kwamba anayechukua chochote kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ni ngamia, ng'ombe au mbuzi, kila mmoja akilia kwa sauti yake.

Iangalie vizuri hadithi hii. Yule bwana hakuiba wala hakuficha. Alitangaza mwenyewe kwamba amepewa, tena na watu waliompa kwa hiari. Wengi wetu tunadhani ukishasema wazi umesalimika, lakini yeye alisema wazi na bado akakaripiwa juu ya mimbari.

Sasa jipime kwa swali hilo hilo. Kabla hujachaguliwa, mtu huyu alikuletea hata kilo ya mchele? Na kama ni sadaka ya Idd, mbona mbuzi walihesabiwa kwa idadi ya wajumbe, wala hakuna hata mmoja aliyepotea njia akaingia kwa mjane au yatima? Sadaka inamtafuta mhitaji. Hii imetafuta kura.

Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameyaeleza haya katika mlango wa kadhi, na kila mwenye mamlaka anaingia humo kwa kadiri ya mamlaka yake. Mwenye shauri mbele yako, zawadi yake ni haramu hata kama mlizoea kupeana. Asiye na shauri, na hamkuwa na mazoea kabla ya cheo, naye usipokee. Anayebaki ni yule mliyezoeana tangu zamani, hana shauri kwako, wala hakuzidisha kuliko alivyokuwa akitoa. Huyo unaweza kupokea chake, na kumrudishia mfano wake ni bora zaidi. Kwa hiyo sahani ya futari ya jirani, mnayopelekeana kila Ramadhani na hairudi tupu, isikutie wasiwasi. Lakini jirani huyo huyo akiwa na ombi kikaoni, mwambie asubiri liishe.

Hoja ya mshahara naisikia sana. Wapo wanaoshika hadithi ya Burayda katika Sunan Abi Dawud, kwamba tuliyemtuma kazi tukampa riziki yake, atakachochukua zaidi ni ghululi, yaani khiyana ya mali ya umma, wakasema: mimi sikupewa riziki, basi hainihusu. Mbona hadithi ya Ibn al-Lutbiyya haikuuliza alilipwa kiasi gani? Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, wanaozitumikia zaka wamewekewa fungu lao waziwazi. Mkiona kazi ni nzito, pelekeni hoja ya posho kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, wanakijiji waikubali au waikatae. Hiyo ni haki yenu. Bahasha ya "kifuta jasho" kutoka kwa mwombaji si haki yenu.

Na sheria ya nchi hapa haipingani na dini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeizuia Halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, maana ardhi si mali ya wajumbe. Sheria ya rushwa Na. 11 ya 2007 inamkamata mtoaji na mpokeaji, kama Mtume (s.a.w.) alivyowalaani wote wawili katika hadithi ya Abdullah bin Amr. Wapo bado wanaoililia takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, nao wakumbuke kuwa hata kwenye uchaguzi Mahakama Kuu iliiondoa mwaka 2006.

La shemeji kwangu ndilo zito zaidi, kwa sababu halina mbuzi wa kulionyesha. Bayhaqi amepokea kwamba Abdullah bin Umar alinunua ngamia akawapeleka malisho ya umma, walipononoka akawaleta sokoni. Baba yake, Umar (r.a.), aliyekuwa khalifa, alipojua ni wa mwanawe, alisema watu walikuwa wakiambizana: walisheni ngamia wa mtoto wa Amirul Muuminina, wanywesheni ngamia wa mtoto wa Amirul Muuminina. Akamwamuru achukue mtaji wake tu, faida iingie Baytul Mal, hazina ya umma. Hakuna aliyeomba upendeleo. Jina la baba lilitosha.

Shemeji yako ana haki ya kuomba kama mwanakijiji yeyote. Wewe, ajenda yake ikifika, sema "huyu ni shemeji yangu," iandikwe kwenye muhtasari, utoke nje mpaka waamue. Na usiku wa kuamkia kikao usiende kijiweni kumpigia debe.

Ama mbuzi, ulizia bei yake ilikuwa kiasi gani mnadani, umlipe mwenyewe mbele ya shahidi kabla ya kikao. Akikataa, peleka fedha hizo kwenye akaunti ya kijiji upewe stakabadhi. Usizitoe msikitini kwa jina lako ukatarajia thawabu, kwani si zako. Ombi lake la ufuta pia usilipigie kura, hata ukishalipa. Usimfanyie uadui vilevile ili uonekane msafi. Huenda ombi lake ni zuri. Wenzako waliokula wanasihi kwanza faraghani, kila mtu peke yake. Wasiposikia, Mkutano Mkuu uambiwe kabla haujapiga kura, na uanze kwa kumtaja mbuzi wako.

Wallahu aalam.